Ndoo Iliyofichwa Wageni Wasiione

Mke wangu husafisha dohani. Watu wakiambiwa hivyo hunitazama mikono kwanza, kisha kola ya shati, utadhani masizi ni maradhi ya kuambukiza. Mimi ni fundi cherehani. Hushona nguo za arusi, nyeupe pepepe, na mwenzangu hurudi nyumbani mweusi tii mpaka kope. Mungu naye ana utani wake.

Mji wetu uko juu mlimani na baridi yake haina adabu. Kila sebule ina jiko la chuma la kuni, na kila jiko lina dohani yake, bomba la moshi linalotoboa paa. Mke wangu amepanda mapaa hayo miaka ishirini na miwili. Wanamwita Mama Masizi, na jina hilo halimuudhi hata kidogo. Kinachomtia kichefuchefu ni anachokikuta ndani. Nepi za watoto. Kandambili za mpira. Maganda, mifupa, nywele za saluni. Halafu kuni mbichi, ambazo moshi wake huganda bombani ukawa utomvu mweusi wa kunata, unaonuka hadi unausikia kooni, na siku utomvu huo ukishika moto, paa zima limekwenda. Akirudi jioni hutema mate uani mara tatu ndipo aniulize habari za kutwa.

"Wanakula kwa sahani za kung'aa," husema, "na jiko wanalilisha taka. Ptuu!"

Mfuko wake naujua kuliko kabati langu. Brashi ya waya ya mviringo, na fimbo za kuungana moja baada ya nyingine mpaka zifike juu. Glavu za ngozi zinazofika kwenye kiwiko. Chuma cha kuchokolea moto, koleo la kushikia kinga cha moto, beleshi dogo la majivu. Lakini kifaa anachokiheshimu kuliko vyote ni ndoo ya bati yenye kifuniko. Majivu yakitolewa jikoni huingia kwenye ndoo hiyo, kifuniko juu, nayo hukaa nje, juu ya jiwe, siku tatu. Hakuna mjadala. Husema majivu ni waongo: juu yamepoa, chini kaa li hai linakusikiliza.

Ndoo kama hiyo alimpelekea kaka yake, mwenye duka la vigae, kwa kuwa mama yao anaishi kwake. Na hapa naomba nisijifanye mpole. Nyumba ya shemeji yangu inanikera toka mlangoni. Kando ya jiko lake pana kinara, na kwenye kinara kumening'inia seti ya shaba: chuma cha kuchokolea, koleo, kibeleshi na kifagio. Vinang'aa unajiona meno. Havijawahi kugusa jivu tangu vinunuliwe, na kifagio kingali kimevaa nailoni yake. Mama mkwe, kifua kibovu, analala chumba cha nyuma karibu na jiko la kupikia, chumba kisicho na moto wowote. Mke wangu aliomba mara ngapi amchukue kwetu? Kaka mtu alikataa katakata.

"Watu watasema mtoto wa kiume kashindwa kumtunza mama," alisema.

Basi akamtunza hivyo, nyuma, pamoja na viatu vya zamani na magunia.

Mwezi ule wa baridi kali, watu walikuja kumposa binti yake. Siku moja kabla, shemeji alipita kwenye banda langu, akashikashika vitambaa, akakohoa.

"Shemeji, kesho wewe uje mapema, ukae na wageni. Ila dada... si unajua tena. Akitoka kazini, mwambie apitie nyuma. Ile harufu."

Nami, mwanamume mzima, nikasema sawa. Nilimfikishia mke wangu ujumbe huo nikiwa natunga uzi sindanoni ili nisimtazame. Alicheka kidogo.

"Nitapita nyuma. Kwani mama si yuko huko huko nyuma?"

Siku ya siku nikaenda, shati limepigwa pasi. Pale kwenye ngazi za mbele, mahali pa ndoo ya bati, palikuwa na chungu cha maua. Nilikiona. Sikuuliza. Ndani, mke wa shemeji alikuwa anahangaika na jiko. Sahani ya majivu chini ya moto ilikuwa imejaa pomoni, moto haupumui, sebule imeanza kujaa moshi. Mara tukasikia gari linaingia getini. Mama wa watu akachota majivu haraka haraka, akayatia kwenye sufuria kuukuu, akatoka nayo mbio kuelekea nyuma. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Nikanyoosha kola, nikaenda kupokea wageni.

Tulikaa. Tulicheka vicheko vya ukweni, vile vya meno bila tumbo. Baba wa kijana akasifia seti ya shaba, na shemeji akavimba kama andazi. Akauliza pia bibi yake binti yuko wapi, ampe mkono.

"Amepumzika," shemeji akajibu. "Uzee."

Mlango wa korido ulikuwa umefungwa, na wa chumba cha mama pia, na dirisha lake pia, ili kikohozi kisisikike. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba leo hakohoi, nikafurahi kwa niaba ya shughuli.

Mke wangu alikuja saa tisa, na masizi yake, na chupa ya mafuta ya kumchulia mama kifua. Alipita nyuma kama alivyoagizwa. Alifungua mlango wa chumba akapigwa na joto usoni. Chumba kile hakijawahi kuwa na joto. Ndiyo maana hakusema hata hodi; alipiga ukelele ulionitoa kitini.

Nilipofika alikuwa amevunja kioo cha dirisha kwa kiwiko na kumkumbatia mama yake kifuani. Kando ya kitanda, sufuria. Juu jivu la kijivu, tulivu kabisa. Chini makaa mekundu. Mama alikuwa hai, lakini mlegevu kama kitambaa, hajibu, midomo imekauka. Tulimbeba wawili, kwa kupitia sebuleni, maana gari lilikuwa mbele. Mke wangu aliacha alama nyeusi kwenye mlango, kwenye kochi, kwenye mkono wa baba wa kijana aliyekimbilia kutusaidia.

Pale kwenye ngazi wifi yake alikuwa analia.

"Wifi, nilitaka niiweke dakika mbili tu! Wageni walishafika getini. Chumba cha mama ndicho hawaingii."

"Ndoo iko wapi?"

"Nyuma ya banda la uani. Ina kutu, wifi, ni mbaya..."

Mke wangu alitema mate kwenye chungu cha maua, akapanda gari.

Hospitali wakatueleza tunachokijua sote katika mji huu na tunakisahau wageni wakija: makaa yakifungiwa chumbani hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo humlaza mtu taratibu mpaka asiamke. Wakasema nusu saa zaidi, basi. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ile mke wangu aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa amri ya mwenyewe, na ndio uliomponya mama yake.

Siku ya nne mama alikuwa kwetu, kitandani, karibu na jiko letu, ndoo ya bati juu ya jiwe nje. Shemeji akaja na mfuko wa machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti. Hakuna aliyemweleza mama chanzo, tulishindwa kuanza. Bibi akamshika mwanawe mkono.

"Ahsante, baba, kwa ile sufuria," akasema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Nilimwona mkeo anaileta. Tangu baridi ianze nilikuwa sijaisikia miguu yangu. Nikasema, afadhali, leo wamenikumbuka."

Mke wangu akatoka nje. Shemeji akaangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia vyangu; vilikuwa safi.