Nyonga Mpya ya Bi Mapazia

Bi Mapazia alikuwa ameshonea mapazia karibu nusu ya mtaa, na alijua siri za vyumba vya watu kuliko wenyewe walivyodhani. Nyonga yake ya kulia ilipolika kabisa, ikawa inasaga kama bawaba kavu, daktari aliing'oa akamwekea ya chuma. Binti yake, mwenye mapacha wachanga na mume asiyejua hata kuchemsha maji, alimtafutia mtu wa kumuuguza. Akamleta shangazi yake, wifi wa Bi Mapazia, dada wa marehemu baba yake. Wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu siku ya harusi, wifi aliposema mbele ya wageni kwamba kaka yake angeweza kupata bora zaidi.

Bi Mapazia alikatazwa kuinama, kukunja nne na kukaa mahali pa chini. Sasa, mtu asiyeinama hawezi kujivalisha chupi.

"Inua mguu," alisema wifi asubuhi ya kwanza, amepiga magoti na chupi mkononi.

"Usiangalie."

"Nikifumba macho, wifi, nitakuvalisha kichwani."

Mchana akaja mtaalamu wa mazoezi, kijana mpole mwenye mikono ya baridi. Alimlaza chali, akamwambia abane makalio kisha aachie.

"Yamekalia cherehani maisha yote," wifi alisema mlangoni. "Leo ndiyo yanaanza kazi."

Bi Mapazia akabana kwa hasira, na kijana akamsifu.

Kwa hasira hiyohiyo akapata nafuu haraka. Aliacha fremu ya kutembelea akashika magongo, akajifunza na ngazi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, hutangulia mgonjwa.

Kiburi kikampanda. Siku moja, wifi akiwa dukani, alikichoka kile kiti kirefu alichopangiwa, akajitupa kwenye sofa lake kuukuu, lile linalomeza watu. Raha haikudumu. Alipotaka kusimama, wapi.

Wifi alirudi akamkuta amezama, magoti yamempita tumbo. Alimsema mpaka akaishiwa maneno, kisha akaketi kando yake ili amsukume, naye akazama.

"Haya, simama na wewe, tusaidiane," Bi Mapazia alisema baada ya kitambo.

"Siwezi. Magoti."

"Magoti gani? Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angemuuguza nani?"

Wakabaki wamebanana kama mizigo.

"Marehemu angetukuta hivi angesemaje?" wifi akauliza.

"Angeuliza chakula kiko wapi."

Wifi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Bi Mapazia akashika nyonga yake kwa mikono miwili, akiogopa isichomoke kwa kicheko.

Mtaalamu alipokuja hakucheka, ingawa midomo ilimcheza. Alimwelekeza Bi Mapazia asogee ukingoni, anyooshe mbele mguu uliopasuliwa, ajisukume kwa mikono. Akasimama. Wifi alivutwa, na papo hapo akapangiwa mazoezi yake.

Tangu hapo walilala sambamba kitandani, wakibana makalio na kuwasengenya wenye mapazia, nyumba baada ya nyumba. Daktari aliporuhusu cherehani, wifi alitakiwa kurudi kwake. Hakurudi, na hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi huenda pamoja kwenye kibanda cha kushonea. Bi Mapazia, kwa gongo moja, hutangulia. Akifika kwenye kona husimama, akijifanya anarekebisha kilemba, mpaka wifi amfikie.