Kikopo cha Mzee Mbwana

Tangu uliponipigia simu jana, mwanangu, sijatulia. Nimefagia uani mara mbili, nimechambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Ulisema masomo ya maabara unayaweza, ila lile somo la stadi za mawasiliano umeacha kulihudhuria, kwa sababu kuongea kila mtu anajua. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nilipokuwa chuo kikuu kama wewe. Basi nisikilize, ingawa siku zile hata mwenyewe sipendi kuzikumbuka.

Nilikuwa mwaka wa pili, nimerudi hapa Kilindoni kwa mafunzo ya vitendo katika maabara ya kituo kimoja cha afya. Msimamizi wangu alikuwa Mama Ester, mtu wa bara, mpole, asiyependa papara. Mimi papara ndiyo ilikuwa tabia yangu. Nilikuwa na daftari la mafunzo la kujaza, na niliona kila mgonjwa ni mstari mmoja umekwisha.

Asubuhi moja akaja Mzee Mbwana wa Baleni, mkwezi wa minazi, aliyekuwa akikohoa kwa zaidi ya mwezi. Nilimwamkia, nikamkabidhi kikopo. "Mzee, kesho asubuhi tuletee kohozi humu." Akasema sawa. Mazungumzo yetu yote yalikuwa hayo.

Kesho yake akakirudisha. Nilipofungua niliona mate matupu, mepesi, yana povu. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba mate hayafai; kinachotakiwa ni kile kizito kinachotoka ndani ya kifua. Nilijua, mwanangu. Lakini nje watu walikuwa wengi, na kumwita mzee wa watu nimweleze upya habari za makohozi niliona tabu, na haya kidogo. Nikapaka kwenye kioo, nikatia rangi, nikatazama kwenye darubini. Sikuona wadudu wa kifua kikuu. Nikaandika hivyo, nikampelekea Mama Ester asaini, na habari ya mate sikumwambia.

Mzee alipewa dawa ya kikohozi, akarudi kwao na furaha yake.

Mimi ndiye niliyekosa raha. Nikipita sokoni nikasikia mtu anakohoa, nageuka. Nikikaa kusoma, ukurasa mmoja nausoma mara nne. Mara tatu nilifika mlangoni kwa Mama Ester nikiwa na maneno mdomoni, nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Wiki zikapita hivyo.

Wiki ya tano akaja mkewe, Bi Mwanahawa, peke yake, akasimama dirishani.

"Mume wangu anatema damu," alisema. "Na nyie mlituambia hana kifua kikuu. Analala na mjukuu kitanda kimoja."

Mama Ester aliniita kwa jina langu, Tatu, akanivuta pembeni. Hakupandisha sauti.

"Tatu, yule mzee ulimwambiaje? Niambie kama ulivyomwambia yeye."

Nikarudia. Yalikuwa maneno machache mno, hata mwenyewe nikaona aibu.

"Na yeye alikwambia ameelewa nini?"

"Alisema sawa, mama."

"Hiyo sawa ni adabu yake tu. Hujui kama alielewa."

Hapo ndipo nikamwambia na habari ya mate. Akanipa kikopo kipya. "Nenda sasa hivi. Mweleze mpaka yeye aweze kukueleza wewe."

Nilikwenda Baleni kwa baiskeli, mchanga unanikwamisha, nashuka nakokota, napanda tena. Nilimkuta Mzee Mbwana barazani, mifupa imemtoka mabegani, mjukuu wake Zuhura amemwegemea. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba asukutue mdomo kwa maji, asimame nje penye upepo, avute pumzi ndefu, halafu akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Kisha nikamwomba anirudishie kwa maneno yake.

Alieleza vizuri, hakuacha hata kimoja. Halafu akasema, "Siku ile nilidhani mnataka mate, mwanangu. Nilitaka kukuuliza, ila ulikuwa umeshamwita mwenzangu aliyefuata."

Kipimo cha pili kilijaa wadudu. Alianza dawa, akapona, ingawa minazi hakupanda tena. Zuhura naye alikuwa ameshaambukizwa. Mtoto wa miaka minne akameza dawa miezi na miezi kwa kosa langu. Alhamdulillahi, alipona. Bi Mwanahawa aliniambia amenisamehe, lakini shikamoo yangu aliiitikia akitazama pembeni mpaka alipofariki.

Nasaha yangu ni hii. Kesho rudi darasani ukalisome lile somo kama unavyoyasoma mengine. Mgonjwa akikwambia sawa, muulize ameelewa nini, na umsubiri amalize. Sampuli ikiwa haifai, ikatae, umwite mwenyewe umweleze kwa upole bila kumwaibisha, hata kama watu wamejaa mpaka barabarani. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama mdomo unatetemeka. Mimi nilichelewa wiki tano, na katika wiki hizo mtoto alikuwa analala kifuani kwa babu yake.

Mwenyezi Mungu akupe jicho zuri na ulimi mpole, mwanangu. Akujaalie subira kwa wagonjwa, na wale utakaowahudumia wapate shifa kupitia mikono yako. Amin.