Kabla Hajaitwa Mhalifu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika korti ya Kitale, ukungu wa Mlima Elgon ulikuwa umejaa uani, na watu walioshuka kwenye lori la polisi walitembea kama wanaoota. Askari mlangoni akaita, "Wahalifu, laini moja." Hakuna aliyekuwa amesomewa shtaka. Wote walipanga laini.

Nilikuwa mkalimani. Mkalimani husimama kando ya kizimba, humweleza mshtakiwa maneno ya hakimu kwa lugha yake, kisha humrudishia hakimu jibu. Husema "mimi" mahali pa mshtakiwa. Sikusomea kazi hiyo. Nilijifunza kwa kamusi kuukuu chumbani kwangu mtaani Tuwan, na nikikosea neno asubuhi, nililala nalo.

Lililonisumbua zaidi ni neno "mhalifu". Kamusi yasema ni mtu aliyevunja sheria, jambo limeshathibitishwa. Mjini huitwa hivyo hata mpangaji aliyehama bila kuaga. Mkalimani mkuu, aliyenifundisha kazi, alimwita hivyo kila aliyepanda kizimbani. Niliposema mshtakiwa, alinicheka: "Ati unawapigia hawa shati pasi, na wanaenda jela?"

Ndipo akaletwa Wafula, mkulima wa Endebess, aliyeshtakiwa na kaka yake kwa wizi wa mahindi. Hakimu akauliza kama ni kweli. Katika korti zetu, mtu akisema "ni kweli" amekiri. Hapo hapo anakuwa mhalifu, na hukumu inafuata. Wafula akajibu kwa Kibukusu, polepole, kama mtu anayepita katikati ya mistari ya mahindi yake. Mimi mwenyewe niliusikia umande miguuni.

"Mkalimani, amekubali?" hakimu akauliza.

Mkubwa wangu alikuwa nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Sema ni kweli, bana, twende tukakule."

Nikamgeukia hakimu. "Anasema: ni kweli nilivuna. Nilipanda mimi, nikapalilia mimi. Shamba la baba hatujagawa."

Hakimu aliweka kalamu chini, akamtazama Wafula kwa mara ya kwanza. "Huko si kukiri," akasema. Akaandika kwamba amekana, akamwachilia kwa dhamana. Baadaye wazee wa ukoo waliwagawia ndugu hao shamba, na kaka akaondoa kesi.

Mkalimani mkuu alininunia mpaka nilipohamishiwa Bungoma. Huko nilipata hakimu mpole aliyetaka kila mtu aitwe kwa jina lake, nami bado nilirudia majina hayo chooni kabla ya kikao, nisije nikayaharibu.

Sasa mkataba wangu umekwisha, na sitaki mwingine. Mimi bado kijana, najua, lakini sauti za watu wale zinanijia usingizini zikisema "mimi, mimi", na sijui tena ipi ni yangu.

Majuzi nilikutana na Wafula sokoni Bungoma. Alinishika mkono, akamwambia mama wa vitunguu, "Huyu kijana tulikuwa naye kizimbani Kitale."

Yule mama alinitazama toka juu hadi chini, akausogeza mkoba wake wa pesa chini ya kiti.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Wafula alikuwa hajaniachilia mkono, anatabasamu. Nikafunga mdomo, nikachagua vitunguu vyangu, na mama akanipimia huku jicho lake halibanduki kwangu.