D Nne za Injinia Ildefons

Pale kijijini Kaagya, Ildefons Rutashobya alikuwa injinia kwa miaka ishirini na miwili bila chuo chochote kuwa na habari. Alianza na baiskeli, akahamia pikipiki, akafika kwenye mashine ya kukoboa kahawa ya chama cha msingi, na kila hatua watu walimpandisha cheo. Hata mkewe Georgina akimtuma kibanjani alisema, "Injinia, leta ndizi." Mwanzoni mwenyewe alikataa jina hilo, ila kwa sauti ndogo mno, asije akasikika.

Kisha chama kikapata mashine mpya, yenye sharti lake: haiguswi na asiye na cheti wala hakisomei. Ikiwa Ildefons hatakuwa amejiunga na masomo kabla ya msimu, ataletwa fundi kutoka Mwanza. Huyo fundi hakuwa amechaguliwa bado, lakini Ildefons alishamchukia, yeye na ovaroli yake safi.

Akampigia binti yake Joanitha, aliyekuwa mwaka wa pili wa shahada ya uhandisi mitambo.

"Tata, kuna astashahada hapa hapa chuoni kwetu. Mwaka mmoja tu. Wanataka D nne za kidato cha nne na barua ya chama. Mwisho Jumatatu."

"Wewe uko digrii, mimi niko cheti. Nikikukuta koridoni nikuamkie shikamoo?"

"Utaninunulia chai, tata, yaishe."

Jumamosi chama kilikutana. Katibu, Mzee Kyaruzi, ambaye pia ni katekista, alisoma kila kitu kama anasoma waraka wa mtume.

"Injinia Ildefons anaomba barua ya kwenda chuo kikuu, uhandisi mitambo, ngazi ya..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ngazi ya cheti."

Ukumbi ukaguna.

"Waitu, jamani, cheti si tunacho wote?" akasema mama mmoja wa nyuma. "Cha ubatizo!"

"Na watani wetu wa Buganguzi wakisikia?" akadakia mwenyekiti, Mzee Lwakatare. "Kule Muleba hata mchoma mishikaki ana digrii. Injinia wetu akasomee cheti? Natoa hoja barua iandikwe digrii."

Mikono yote ikanyooshwa. Hivyo ndivyo Ildefons alivyodahiliwa shahada ya uhandisi na wakulima wa kahawa, bila kura hata moja ya kumpinga.

Na tuseme ukweli: ilikuwa tamu. Aliiacha ikae mdomoni wakati kalamu ya Kyaruzi inakimbia kwenye karatasi. Halafu akaona mbele. Jumatatu chuo kitaitupa barua hiyo, Jumanne fundi wa Mwanza atapanda meli. Akasimama.

"Ndugu wanachama, digrii wanataka kidato cha sita. Mimi niliishia cha nne."

"Mnaona unyenyekevu huo?" akasema mwenyekiti. Makofi yakalia.

"Sio unyenyekevu, mzee. Nina D."

Makofi yakakatika. Nchi nzima inatuita sisi wa huku nshomile, yaani watu wa "mimi nimesoma", na hatujawahi kulalamika. Kwetu mtu anaweza kukiri mbele ya watu kwamba aliiba mbuzi, na akasamehewa. D haitamkwi.

"D ya nini?" akauliza Kyaruzi, taratibu, kama mtu anayeuliza marehemu alikufa na nini.

"Ya Fizikia. Na Hisabati. Na Kemia. Na Kiswahili."

"Hata Kiswahili!" ikalia sauti ya yule mama wa nyuma.

"Hukupata B, hata moja?" akauliza tena Kyaruzi.

"Niliipata. Ya Maarifa ya Biblia. Ila somo la dini hawalihesabu."

Hapo katekista akaumia kuliko mwenye D zake. "Wahandisi gani hao? Safina walijenga wao?"

"Sijui, mzee. Ninachojua, D nne ninazo, na ndizo wanazotaka. Mkiandika digrii, mashine anachukua mtu wa Mwanza."

Mwenyekiti akamgeukia katibu. "Futa. Andika astashahada." Mhuri ukagongwa kwa nguvu, kana kwamba kosa lilikuwa la karatasi.

Ildefons akakunja barua, akaiweka mfukoni. Nje, watu wawili walimpita wakamwita Ildefons tu, na jina hilo likamchoma kuliko alivyotarajia. Alikuwa ameshashika baiskeli yake pale Kyaruzi alipomfuata, akageuka kulia na kushoto, kisha akashusha sauti.

"Hicho chuo, wana kikomo cha umri?"

"Sikuona kikomo, mzee."

"Na mtu mwenye D tatu na C moja wanampokea?"

"Wanampokea. C ya nini?"

"Ya Kiswahili," akasema Kyaruzi, akiinua kidevu.