Tairi la Shemeji Nassor

Leo tairi la tela limempita shemeji yangu njiani, na yeye yumo ndani ya gari anaendesha!

Ngojeni nkuhadithieni.

Shemeji Nassor, mume wa dada yangu, ana tela la kuvutia boti. Linaingia baharini kila asubuhi, na akilitoa halioshi hata kwa ndoo ya maji ya bomba. Juzi nkamwambia mbele ya wenzake, "Shemeji, beringi zinalia. Fungua matairi utie girisi."

Akanitazama juu mpaka chini.

"Bi Zuwena, jicho hilo! Sema Mashaallah kwanza."

Wakacheka wote.

Leo anavuta boti mpya kwenda Kiwengwa, mimi niko nyuma yake na gari yangu. Naliona tairi la tela linayumba.

Honi nnayo. Sikupiga.

Tairi likachomoka, likampita, likaingia kwenye mihogo ya watu. Tela likakaa chini, boti ikalala ubavu, na ubavu wenyewe ukapasuka.

Akashuka, mikono kichwani. "Shemeji, ulikuwa huoni?"

Nkashusha kioo. Nkaitazama boti taratibu, kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Mashaallah," nkamwambia, nkatia gia.

Sasa dada yangu kaninunia. Semeni nyinyi, kosa langu nini? Neno lenyewe si kanifunza mumewe?