Adui Mwenye Miwani Myeusi

Enzi zetu, wenzangu, adui wa filamu alikuwa adui tangu anapochungulia mlangoni. Hakuwa na haja ya kusema neno. Anaingia na miwani myeusi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, sigara pembeni mwa mdomo, na ukumbi mzima unamzomea. Stelingi naye, yule shujaa, ukimjua kwa nywele: hata akianguka kutoka ghorofani, zinabaki zimechanwa vile vile. Akipigwa risasi basi ni ya bega, maana risasi za maadui hazikujua pengine pa kwenda. Mwisho anamfungua bibie aliyefungwa kamba kitini, na wewe unatoka umeridhika, unakwenda zako kula urojo.

Hayo niliyaona Unguja siku za Idi, nikipelekwa na mjomba. Filamu nilizoziona kwa macho yangu hazikuzidi nne, na moja kati ya hizo nililala. Nasema leo kwa kuwa nimeshakuwa bibi na hakuna wa kunichapa. Maana tulipohamia Maskati mwaka sitini na nne, nina miaka minane, niliwaambia watoto wa mtaani kwamba nimeziona zote.

Maskati ya wakati ule mnaikumbuka. Milango ya mji ikifungwa usiku, na ukitaka kutembea baada ya hapo uwe na kandili mkononi. Sinema hatukuwa nayo. Basi sinema ikawa mimi. Kila siku baada ya alasiri, tukishatoka chuoni na juzuu zetu kwapani, nilikaa ngazi ya juu mbele ya nyumba yetu na watoto wakajipanga chini. Nilisimulia kwa Kiarabu changu kibovu, nikikwama natia Kiswahili, nikikwama zaidi napiga bastola kwa mdomo. Muziki wa hatari niliuimba mwenyewe kwa pua. Bibi yangu, Bi Zuwena, akipita ndani huku anachambua mchele, aliniuliza kama tumbo linaniuma.

Mtu aliyenitesa ni Humud, mtoto wa jirani, miaka kumi na akili za kadhi. Kwa nini stelingi asende kwa wali, mkuu wa mji, kushitaki, yakaisha? Kwa nini adui akishamkamata stelingi anakaa kumweleza mipango yake yote badala ya kummaliza? Nilimjibu kwamba ndiyo kanuni, na asiyetaka kanuni asije kesho. Kwa maswali yake nikalazimika kuzipanga kanuni zenyewe, na watoto wakazihifadhi kuliko juzuu. Adui huvaa miwani myeusi. Ana mkoba asiouachia. Anageuka nyuma kila hatua tatu. Usiku hutembea bila kandili. Hii niliitunga mimi kwa ajili ya Maskati, na ndiyo waliyoipenda kushinda zote. Na iliyo kubwa kuliko zote: stelingi hafi. Hata wasiojua neno jingine la Kiswahili walijua kusema hilo, wakiimba na kupiga makofi.

Nyumbani tulikuwa wanawake watatu, Bibi, mama na mimi. Baba alikuwa Kuweti. Alikwenda kutafuta kazi nikiwa na miaka mitano, sisi tungali Unguja, na sura yake nilikuwa naijua kwa picha moja tu, kijana mwenye masharubu na kofia ya kiua. Kila meli ilipotia nanga mama alipika mkate wa kumimina, na kila mara tuliula wenyewe. Mimi nilikwisha kujiambia kwamba sijali. Nilikuwa najali mno.

Sasa Alhamisi moja, chuoni tumeachiwa mapema, Humud akaja mbio hana pumzi. Ameonekana mtu. Tukatoka sote, kama kumi hivi, tukajibanza nyuma ya ukuta wa kisima, na wallahi nilitetemeka kwa furaha. Miwani myeusi, mtaani kwetu, ambako hata miwani ya kusomea ilikuwa ya kutafuta. Koti juu ya kanzu, na jua lile! Mkoba wa ngozi ameukumbatia kifuani. Akapiga hatua tatu, akageuka nyuma.

Miaka miwili nilikuwa nasimulia uwongo, na leo uwongo wangu unakuja kwa miguu yake. Nikatoa amri. Humud akaenda kumpa salamu kwa adabu zote, na yule mtu alipomuuliza njia, Humud akamwonyesha uchochoro unaozunguka na kurudi pale pale kisimani. Yule mtu akarudi kisimani, anajifuta jasho. Akakuta mtoto mwengine, naye akamwonyesha njia ile ile. Tulikuwa tunamfuata kwa nyuma, tumeziba midomo, mdogo wetu mmoja kakojoa kwa kicheko. Mara ya tatu alipofika kisimani alijitupa juu ya jiwe, akavua miwani. Jicho lake moja lilikuwa limevimba, jekundu, linatoka machozi. Akasema peke yake, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa:

"Ama leo nimepatikana. Nnamtafuta Bi Zuwena, na mwanangu Raya, na mji hautaki kunipa."

Raya ni mimi.

Masharubu hayakuwapo tena, lakini uso ulikuwa wa picha. Nikatoka nyuma ya ukuta. Nilitaka kumrukia, nilitaka ardhi inimeze, maana aliyemzungusha mgonjwa juani ni mimi. Na nyuma yangu watoto wote wanangoja hukumu. Ikiwa kanuni zangu ni za kweli, basi baba yangu ni adui. Ikiwa si za kweli, mimi ni mwongo tangu siku ya kwanza. Humud akauliza, kwa sauti ya kutosha kusikika:

"Huyu si adui?"

Nikasema kwa Kiarabu kwamba kuna filamu moja sijawasimulia, ambamo stelingi anavaa nguo za adui ili apite katikati ya maadui wenyewe asijulikane, na hiyo ndiyo filamu kubwa kushinda zote. Humud akamtazama baba, baba akanitazama mimi. Halafu taratibu akairudisha miwani usoni, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaweka kidole mdomoni.

Watoto walilipuka. Tulimpeleka nyumbani kwa msafara, Humud mbele anafungua njia, wawili wamebeba mkoba, wote wanaimba stelingi hafi. Mama alitoka mlangoni na unga mikononi, akamwona, akakaa chini pale pale. Wakati wa chakula Bibi aliuliza ilikuwaje mtu ashuke chomboni asubuhi na afike adhuhuri. Baba akamega mkate wa kumimina, akasema mji ni mgeni kwake, alipotea njia. Hakunitazama. Nilimpenda tangu dakika hiyo.

Leo wajukuu zangu wa Hail, nje kidogo ya mji, wanaangalia filamu kwenye simu, wamelala chali, mashine imewaziba masikio. Adui wao ni kijana mzuri aliyenyimwa mapenzi ya mama, tumhurumie. Stelingi hajachana nywele, analia, ana daktari wa mawazo. Na mwisho anakufa! Nikilalamika wananiambia, "Bibi, ndiyo uhalisia." Uhalisia sisi tulikuwa nao wa kututosha, tulikwenda sinema kuukimbia.

Baba aliishi nasi miaka mingi, jicho likapona, na miwani hakuiacha. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilikiri kwake habari ya kisima, mimi mtu mzima, nalia kama mtoto. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mara ya pili nlishakujua," aliniambia. "Pua ya mama yako ilitokeza ukutani. Nlikwenda ile ya tatu nikutazame kidogo, kabla hujanijua."

Miwani ile imo dawatini mwangu. Uwongo mwingi niliwauzia watoto wa Maskati pale kwenye ngazi, na sijutii hata mmoja. Ila ule wa stelingi hafi, ule peke yake, nilikuwa nauamini.