Nani Alipie Basi Likirudi Tupu

Iko siku moja bado naikumbuka, mwanangu, vyama viwili vya wenye mabasi vilipokaa kwenye ukumbi wa kanisa pale Ndalu kuamua kama nitamaliza shule. Wao hawakujua kwamba hilo ndilo walikuwa wakiamua. Mimi nilijua.

Nilikuwa kidato cha tatu, miaka ile ya elfu mbili na kitu, msichana mwenye haya nyingi. Mambo mengine niliandika kwenye shajara tu, hata mama sikumwambia. Basi la chama cha Kitale lilifika Ndalu likageuza. La chama cha Bungoma lilifika Webuye likageuza. Hapo katikati vyama vyote viwili vilikuwa vimeweka basi moja la kuunganisha, kila upande ukichangia mafuta, na ndilo lililonipeleka shule kule Webuye. Shida ni kwamba asubuhi lilikwenda limejaa, kisha likarudi tupu, na dizeli haijui kama kuna watu. Kitale wakasema Bungoma ilipie kurudi, kwa sababu abiria wanapeleka pesa zao huko. Bungoma wakasema abiria ni wa Kitale. Wasipoelewana, basi linaondolewa.

Abiria tuliitwa pia. Maombi yalichukua muda, maana kila upande ulitaka mchungaji wake aombe. Halafu mwenyekiti wa mkutano akatoa wazo lililoonekana la haki: wa Kitale waende upande wa dirisha, wa Bungoma ukutani, mafuta yagawanywe kulingana na wingi wa watu. Kwetu mtu huulizwa anatoka wapi hata kabla ya jina, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Watu wakaanza kusonga.

Mimi sikusonga. Nisikudanganye ati nilikuwa jasiri, sikujua tu pa kwenda. Baba yangu alizaliwa Trans-Nzoia, upande wa Kitale, wazazi wake wakiwa wametoka Mkoa wa Kati kutafuta shamba. Mama ni wa Bungoma, na kule mimi ni mjukuu kama wengine. Nikabaki katikati ya ukumbi na sare yangu ya shule, natamani sakafu ipasuke.

"Si usonge, msichana," makanga mmoja, mkusanya nauli, akanitania. "Kwani huna kwenu?" Watu wakacheka.

"Niko na kwetu," nikasema. "Nalala upande wa Kitale, nasoma upande wa Bungoma. Sasa mkinigawa, hiyo basi itanibeba nusu?"

Mama Nafula, aliyekuwa akiuza mitumba na alikuwa ameshafika ukutani, akarudi akasimama kando yangu. "Hata mimi nanunua Kitale nauza Webuye," akasema. "Mniweke wapi, bana?" Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka kule ukutani na dirishani wakabaki wenye mabasi peke yao, wanatazamana.

Hawakupenda. Walibishana mpaka chai ikapoa, lakini wakaandika: safari nzima, kwenda na kurudi, likiwa limejaa au tupu, kila chama kitabeba nusu. Baadaye waligombana kuhusu mengine, hilo la kurudi hawakuligusa tena. Nikamaliza kidato cha nne.

Mwanangu, maisha yako yatajaa makubaliano, ya ndoa, ya shamba, ya kazi. Watu wakikaa kupatana, wote huzungumzia ile safari iliyojaa. Wewe uliza mapema, kwa adabu, nani atalipia basi likirudi tupu. Atakayekasirika, heri akasirike kabla hamjaondoka. Na usingoje haya ikutoke ndipo useme. Mimi yangu ninayo hadi leo.

Mungu akupe wenzako wasiohesabu upande wao tu, nawe usiwe wa kuhesabu upande wako. Safari zako zibarikiwe za kwenda, na za kurudi zibarikiwe zaidi.